"Mwalimu, hiyo ni sura ya ngapi?"

Swali liliulizwa na mtoto wa miaka kumi na tatu, Jumamosi ya mvua, watoto wa kipaimara wakiwa tisa tu kwa sababu barabara ya kwetu ilikuwa imejaa maji. Nilikuwa nawasimulia kifo cha Petro: alivyofikishwa msalabani kule Rumi akaomba ageuzwe, kichwa chini miguu juu, maana hakujiona anastahili kufa kama Bwana wake. Hadithi hiyo naijua kuisimulia. Ulikuwa mwaka wangu wa sita kuifundisha, na huwa nashusha sauti kabla ya kufika kwenye "kichwa chini". Kijana mmoja wa benchi la nyuma, Biblia ameshaifungua, kalamu mkononi, akauliza: "Mwalimu, hiyo ni sura ya ngapi?"

Nikamjibu bila kusita: Matendo ya Mitume, kuelekea mwisho. Akatafuta. Wenzake wakatafuta. Baadaye akainua uso, kwa adabu zote: "Matendo inaishia Paulo yuko kwenye nyumba ya kupanga, mwalimu. Petro hayupo."

Mimi ni fundi mwashi. Najenga, napiga lipu, na Jumamosi nafundisha kipaimara kwa kujitolea kwenye mtaa mmoja wa Kilutheri hapa Dar es Salaam. Theolojia sijaisomea, nina Katekisimu Ndogo, Biblia ya Union Version aliyoniachia marehemu baba, na mafundisho niliyoyasikia tangu utoto. Sikuwahi kujiuliza yapi yanatoka kwenye kitabu na yapi yanatoka kwa watu. Siku ile niliwaambia watoto tutaliangalia wiki ijayo, nikafunga kwa sala fupi kuliko kawaida.

Usiku nikatafuta kwenye simu. Ndani ya dakika tano nilikuwa na jibu: kisa hicho kimo kwenye Matendo ya Petro, maandiko ya karne ya 2 ambayo hayamo kwenye Agano Jipya. Kwenye Biblia kuna dokezo tu, Yohana 21:18, Yesu anapomwambia Petro kwamba atakapokuwa mzee atainyosha mikono yake na mwingine atamfunga. Kama ningeizima simu pale, nisingekuwa na haja ya kuandika haya. Lakini simu ikishajua unachotafuta haikuachi ulale. Video ya kwanza ikaleta ya pili. Kufikia saa nane usiku nilikuwa namsikiliza mhubiri mmoja, muziki wa kutisha nyuma yake, akieleza jinsi Mfalme Konstantino alivyokaa na maaskofu Nikea mwaka 325 wakachoma vitabu vilivyosema ukweli, na kwamba ni Waethiopia tu waliobaki na Biblia kamili yenye vitabu 88. Chini ya video kulikuwa na namba ya kulipia. Shilingi 20,000, unatumiwa faili.

Nililipa kabla hakujakucha. Asubuhi nikaenda steshenari kutoa kopi, kurasa 412 kwa shilingi mia mia, nikaomba wanibanie kwa spairo. Jumla zaidi ya 60,000, na wiki hiyo sikuwa na kazi ya maana. Mke wangu aliliangalia lile furushi, akaniangalia mimi, akasema tu, "Ada ya mtoto umeikumbuka?"

Niseme kuhusu lile faili, maana najua bado linauzwa. Lilikuwa tafsiri ya mashine, Kiingereza cha zamani kilichotupwa ndani kikatoka Kiswahili cha ajabu. Kwenye Kitabu cha Henoko kuna malaika walioasi, wanaoitwa Wakeshaji, wale wasiolala. Mashine ikawaita "watazamaji". Kwa hiyo nilisoma kwa hofu na kicho jinsi watazamaji 200 walivyoshuka juu ya Mlima Hermoni, kama washabiki wa Simba wanaoshuka kwenye daladala. Hapakuwa na neno moja la kueleza nani kaandika kipi, lini, wala kwa lugha gani. Henoko, Tomaso, Yuda, Barnaba, vyote vimepangwa kama vile vilitoka siku moja kwenye sanduku moja. Baadaye nilikuja kujua kwamba vingi kati ya hivyo vinapatikana bure kabisa, vimetafsiriwa na wasomi tangu zaidi ya miaka mia iliyopita. Vilivyofichwa vilikuwa vimefichwa kwenye maktaba iliyo wazi.

Kosa langu kubwa lilikuja Jumamosi iliyofuata. Badala ya kumwambia yule kijana, "Nilikosea, haimo, imetoka kwenye kitabu kingine cha kale," nikawapa watoto Nikea nzima. Konstantino, moto, vitabu 88. Niliona macho yao yanavyotoka na, nikubali, nilifurahia. Baada ya aibu ya wiki iliyopita nilikuwa tena mtu anayejua kitu.

Mzazi mmoja alifika ofisini kwa mchungaji Jumatatu. Alhamisi niliitwa mbele ya baraza la wazee. Hawakunitukana. Mzee mmoja aliuliza, "Hayo ya Nikea umeyasoma wapi?" nikamwonyesha furushi. Akalifunua, akafika kwa watazamaji, akanirudishia. Nilisimamishwa kufundisha "kwa muda". Muda huo ukawa miezi minane.

Miezi ile sikuielezea vizuri kwa mtu yeyote wakati ule, ngoja nijaribu hapa. Sikukasirikia kanisa kama watu walivyodhani. Niliogopa. Nilikuwa nikifungua Injili ya Luka usiku nakuta sauti ndogo inauliza, na hili je, nani aliliacha humu, na nani alitoa lililokuwa kando yake? Kwa miezi minne sikusogea Meza ya Bwana. Nilikuwa nakaa nyuma, watu wakisimama kwenda mbele mimi najifanya napokea simu nje. Mama yangu aliliona. Akanipigia akasema, "Mwanangu, kama umemkosea mkeo mwombe msamaha, usimnunie Mungu." Sikuweza kumwambia kwamba shida yangu ni mkutano wa mwaka 325.

Katikati ya hali hiyo nikaenda kujiaibisha kwa mara ya tatu, safari hii kwenye uwanja wa wazi.

Wakazi wa Dar wanajua mihadhara: vipaza sauti, meza, Biblia na Qurani, na umati uliokuja kusikia nani atashindwa. Jioni moja mhadhiri wa Kiislamu alikuwa ananukuu Injili ya Barnaba, inayosema Yesu hakusulubiwa na kwamba Muhammad alitajwa kwa jina. Akauliza kwa nini Wakristo wanaificha. Mimi, na ule ujuzi wangu wa faili la elfu ishirini, nikanyoosha mkono nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kuna nakala ya Biblia ya karne ya 4, Codex Sinaiticus, ambayo mwishoni mwake kuna Barnaba. Nikasema kwa kujiamini kwamba hatukuificha, mbona ilikuwemo kwenye Biblia za zamani!

Mhadhiri alitabasamu akaugeukia umati: "Mmesikia wenyewe. Mwalimu wao amekubali." Takbir zikapigwa. Wakristo waliokuwa pale walinitazama kama mchezaji aliyejifunga.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kuna Barnaba wawili. Waraka wa Barnaba ndio uliomo kwenye Codex Sinaiticus: barua ya Kigiriki ya siku za mwanzo za kanisa, haina habari ya Muhammad hata nukta. Injili ya Barnaba ni kitabu kingine kabisa. Nakala yake inayojulikana zaidi ni ya Kiitaliano, iko Vienna, na ni ya mwishoni mwa karne ya 16. Kiingereza chake kilichapishwa Oxford mwaka 1907 na Kiarabu chake Cairo mwaka uliofuata. Ukikisoma chenyewe utaona. Kinasema Yesu alipanda chombo ziwani akasafiri mpaka mjini kwake Nazareti, na Nazareti iko vilimani. Ni sawa na mtu akuambie ameshukia meli Dodoma. Kinasema yubile ni kila baada ya miaka 100, wakati Torati inasema 50. Hiyo ya 100 ilitangazwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Mwandishi aliishi dunia ambayo tangazo hilo lilishasikika.

Aliyenituliza usiku ule hakuwa Mkristo. Ni mzee jirani yetu, mcha Mungu, aliyekuwa pale uwanjani. Nilipompitia barazani kwake nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nikae. "Mwanangu," akasema, "usiumie sana. Hicho kitabu mimi sikitumii. Kinasema Bibi Mariamu alijifungua bila uchungu. Sisi Sura ya Mariamu inatuambia uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende. Sasa nikikishika kunishindia wewe, nitamwambia nini Mola wangu?" Kisha akaniuliza kama nakijua kisa cha Isa kufinyanga ndege kwa udongo. Nikamwambia nimekiona kwenye faili langu, kwenye kinachoitwa Injili ya Utoto ya Tomaso, mtoto Yesu anafinyanga shomoro kumi na wawili siku ya Sabato. Akacheka. "Kumbe na nyie mnacho. Sisi tunacho kwenye Qurani." Tukakaa mpaka adhana ya isha. Sijui nilijifunza nini hasa jioni ile, ila nilirudi nyumbani nikalala.

Wiki ile ndipo nilipokwenda kwa mchungaji mstaafu ambaye ningepaswa kwenda kwake mwanzo kabisa. Aliwahi kufundisha chuo cha theolojia, sasa anafuga kuku. Nilimkuta bandani. "Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe." "Amina. Shika hiyo ndoo." Tukazungumza tukilisha kuku.

Kwanza aliniondolea Nikea. Akasema mkutano ule ulikaa juu ya hoja za kasisi Ario kuhusu Mwana na Baba, juu ya tarehe ya Pasaka, na ukatoa kanuni 20 za nidhamu. Orodha ya vitabu haimo. Kisha akaniuliza hesabu: Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika kiasi cha mwaka 180 kwamba Injili ni nne, si zaidi si pungufu. Toa 180 kwenye 325. Zaidi ya miaka 140, Baba. Basi, akasema, Konstantino aliikuta nyumba imeshaezekwa.

Lakini hakunidanganya upande wa pili pia, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema mipaka ya pembeni ilichukua muda. Eusebio, aliyeishi siku zile zile za Nikea, aliandika wazi kwamba kuna vitabu vinavyokubaliwa na wote na vingine vinavyobishaniwa, na kwenye vinavyobishaniwa aliweka Yakobo, Yuda, Petro wa pili, Yohana wa pili na wa tatu. Orodha ya vitabu 27 kama tulivyo navyo inaonekana kwenye barua ya Pasaka ya Athanasio wa Aleksandria, mwaka 367. Na barua hiyo hiyo inataja vitabu vingine ambavyo havimo kwenye hesabu ila vinafaa kusomewa watu wanaoingia imani: Didake, Mchungaji wa Herma, Hekima ya Sira, na, ajabu, hata Esta ambaye sisi tunaye. "Kwa hiyo kulikuwa na rafu tatu," akasema akinionyesha kwa mikono. "Hiki kisomwe kanisani. Hiki kisomwe nyumbani. Hiki tupa. Wewe umeuziwa zote tatu zimemwagwa sakafuni."

Hizo rafu zimenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Ukisikia mtu anataja "vitabu vilivyoondolewa", muulize ni vya rafu gani. Tobiti, Yudithi na Makabayo ni Deuterokanoni, yaani vitabu vya Agano la Kale ambavyo Biblia zetu za Kiprotestanti kwa kawaida hazina. Wakatoliki wanavyo, unaweza kuvipata kwenye toleo la Habari Njema lenye Deuterokanoni, na Luther mwenyewe katika Biblia yake ya 1534 aliviweka kati ya maagano mawili akasema havilingani na Maandiko lakini vyafaa kusomwa. Henoko ni kitabu cha Kiyahudi kilichotangulia Ukristo. Waraka wa Yuda unakinukuu, "Henoko, mtu wa saba baada ya Adamu", na Kanisa la Orthodox la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko. (Hesabu yao wenyewe, kwa njia, ni vitabu 81. Hao 88 waulizwe wauzaji.) Injili ya Tomaso ni habari nyingine, na Barnaba wa Vienna ni nyingine kabisa.

Kabla sijaondoka aliniambia nianze na Didake, nisome yote kwa mkao mmoja, na nisiyasome hayo peke yangu usiku. Nikauliza kwa nini usiku. Akasema, "Kwa sababu usiku kila kitu ni siri."

Didake ina sura 16 fupi. Saa moja haifiki. Ni mwongozo wa kanisa wa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Ulijulikana kwa jina tu kwa karne nyingi, mpaka askofu Mgiriki, Filotheo Bryennios, alipoukuta kwenye hati moja kule Konstantinopoli mwaka 1873, akauchapisha miaka kumi baadaye. Nilitegemea mafumbo. Nikakuta mambo ya watu kama sisi: batiza kwenye maji yanayotiririka, kama hayapo, maji mengine, kama ya baridi hayawezekani, ya uvuguvugu, kama hayatoshi, mimina kichwani mara tatu. Nilicheka peke yangu, nikikumbuka mabishano ya majirani wa madhehebu mbalimbali kuhusu maji mengi na maji machache. Funga Jumatano na Ijumaa. Sali Baba Yetu mara tatu kwa siku.

Halafu nikafika sura ya 11, ya mitume na manabii wanaosafiri. Mtume akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate tu wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha, nabii wa uongo huyo.

Hapa nieleze kosa ambalo bado linaniuma. Dada yangu mkubwa anasali kwenye huduma moja ambako alikuwa ametoa shilingi 300,000 ya mbegu, fedha ya mtaji wa duka lake. Nilipiga picha ule mstari, nikamtumia kwenye kundi la WhatsApp la familia, wote waone, bila hata salamu. Nilijiona nimeshika rungu la mitume.

Hakujibu. Jumapili jioni alikuja nyumbani, akakaa, akasema, "Nipe hicho kitabu." Akasoma kimya, yote, kama mimi nilivyosoma. Kisha akanisomea kwa sauti mstari ulio chini tu ya ule wangu, kwamba msimjaribu wala kumhukumu nabii anenaye katika Roho. Akashuka: akiagiza kutoa kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Akafungua sura ya 13, nabii wa kweli anayetaka kukaa kwenu anastahili chakula chake, mpeni malimbuko ya shinikizo la zabibu na ya uwanja wa kupuria, ya fedha na ya nguo. Akafunga. "Mdogo wangu, ulikata." Alikuwa sahihi. Kuhusu huduma ile bado sikubaliani naye, na fedha haikurudi, lakini siku ile mimi ndiye niliyekuwa nimefanya kile kile mhadhiri alichonifanyia uwanjani. Tulikaa karibu mwaka mzima tunasalimiana kwa mkato. Kwa hiyo nikimwona mtu ananukuu mstari mmoja wa kitabu cha kale kumpiga mwenzake, najiuliza tu, mstari wa chini yake unasemaje?

Baada ya hapo nilisoma polepole, na mke wangu akiwa jirani anachambua karanga zake za biashara. Injili ya Tomaso nilimsomea kwa sauti. Hii ilitoka kwenye mtungi uliochimbuliwa na wakulima karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, pamoja na vitabu vingine vya Kikopti. Ina semi 114, hakuna msalaba, hakuna kaburi, semi tu. Nyingine unazitambua, punje ya haradali, mpanzi. Nyingine nzuri mno: pasueni mti, nami nipo, inueni jiwe, mtanikuta hapo. Kwa mtu anayeinua mawe kila siku, usemi huo ulinikaa. Tukafika wa 114. Petro anasema Mariamu atutoke, maana wanawake hawastahili uzima. Na Yesu wa kitabu hicho anajibu kwamba atamwongoza amfanye mwanamume, ndipo aingie ufalme. Mke wangu aliacha karanga. "Na hicho ndicho walichotuficha?" akauliza. "Wangeendelea."

Nilichokipenda mimi ni Mchungaji wa Herma. Herma alikuwa mtumwa aliyeuzwa Rumi, baadaye huru, na anaona maono mengi marefu, mengine yanachosha, nisiwadanganye. Ila kuna ono la mnara unaojengwa juu ya maji. Mawe ya mraba yanaingia yakashikana mpaka viungo havionekani, mnara unakuwa kama jiwe moja. Pembeni kuna mawe meupe, mazuri, ya mviringo, nayo yanaachwa. Anauliza kwa nini. Anaambiwa hao ni matajiri wenye imani. Mpaka mali yao ipunguzwe ndipo watakaa kwenye ukuta. Nimechonga mawe ya msingi miaka ishirini. Jiwe la mviringo unaweza kulipenda vipi, lakini halikai, linabingirika. Aliyeandika pale aliwahi kusimama karibu na fundi. Herma alipendwa sana na makanisa ya kale, na hati moja ya zamani yenye orodha ya vitabu inasema asomwe, ila asisomwe kanisani mbele ya watu pamoja na manabii na mitume, kwa sababu aliandika juzi juzi. Hukumu hiyo naiona ya haki. Nilikirudisha rafu ya pili kwa mkono wangu mwenyewe, bila baraza.

Meza ya Bwana nilirudi kabla sijamaliza kusoma. Hakuna hoja iliyonirudisha. Siku moja tu watu walisimama nami nikasimama.

Darasa nilirudishiwa baada ya miezi minane, kwa sharti moja: nikiwa na jambo jipya lipite kwa mchungaji kwanza, likae hata wiki mbili. Sharti lile lilinichoma, leo naona ningelihitaji mapema. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwaomba radhi watoto kwa ile ya Nikea. Cha pili ni mchezo ambao sasa tunaucheza kila Majilio: kila mtoto alete jambo ambalo "kila mtu anajua liko kwenye Biblia", kisha tunatafuta. Mamajusi watatu: zawadi ni tatu, idadi yao haikutajwa. Tufaha la Hawa: ni tunda tu. Ng'ombe na punda horini: Luka hawataji. Yoakimu na Ana, wazazi wa Mariamu: hawamo, wanatoka kwenye Injili ya Yakobo ya karne ya 2, na shemeji yangu Mkatoliki huwaadhimisha kila tarehe 26 Julai, akijua wanatoka wapi kuliko mimi nilivyojua wa Petro. Petro mwenyewe bado namsimulia. Nashusha sauti pale pale. Nikimaliza nasema, hii haimo, ni hadithi ya kale ya kanisa. Yule kijana wa benchi la nyuma, aliyebarikiwa mwaka huo, alisema, "Sasa hapo sawa."

Furushi la kurasa 412 lilikaa juu ya kabati mpaka mwezi uliopita. Mke wangu karatasi za kufungia karanga zilikuwa zimemwishia, akaliteremsha, akaniuliza, "Hizi ni neno la Mungu au siyo?" Nilikaa kimya muda mrefu kuliko alivyotegemea. Mwishowe nikafungua spairo, nikatoa Barnaba na wale watazamaji, nikampa. Vingine nikarudisha juu.

Juzi dereva wa bodaboda mmoja alirudi genge na kikaratasi chake kilichokunjuliwa, kina mafuta na chumvi. Hakutaka karanga. Alitaka kujua kama ukurasa unaofuata upo.